Mama Dishi na Kengele ya Mvua

Leo, tarehe 30 Juni, fundi mkuu wa kituo cha serikali cha kupokea mawimbi ya setilaiti anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Klabu yetu ya Anga ya shuleni imepewa ukurasa huu wa jarida la kituo, nami nimeahidi kueleza yote, hata yale aliyoomba yaachwe.

Sote tunamwita Mama Dishi, kwa sababu lile dishi kubwa la uani amelilea kama mwanawe. Alianza kwa kuunga nyaya, akapanda hadi kuongoza chumba cha mitambo. Picha za mawingu wanazozisubiri marubani na wakulima hupokelewa chini ya macho yake.

Mvua ikinyesha, dishi hujaa maji, naye huliinamisha liyamwage. Kwanza hupiga kengele ili watu wasogee. Mkurugenzi wa kituo, alipokuwa mgeni, aliegesha gari chini ya dishi, vioo wazi. Aliposikia kengele alidhani ni ya chai, akaenda zake kantini. Mama Dishi alimpa pole, kisha akamkumbusha kwamba serikali imemwoshea gari nje na ndani bila malipo.

Mwaka jana kampuni moja iliomba kukinunua kituo. Shuleni tukafanya mdahalo: utafiti wa anga ugharimiwe na serikali au uachiwe soko? Mama Dishi alikuwa mwamuzi. Mimi nilitetea soko. Nilisema kampuni hazikawii na zinajua kubana matumizi. Akanipa ushindi. Tulipokuwa tukipanga viti, akaniita kando.

"Umesema vizuri, mjukuu wangu. Kampuni na zije, zilipie saa zao za kutumia dishi. Lakini jibu la swali ambalo hakuna aliyeliuliza bado, nani atalinunua?"

Tangu siku hiyo mimi huenda kituoni kila Jumamosi, naye amenifundisha kufuatilia setilaiti moja nzee inayopima unyevu wa udongo. Hakuna mteja anayeilipia. Yeye hajawahi kukosa kuipokea ikipita.

Mama Dishi, asante. Tunatembea kifua mbele kwa ajili yako. Sasa mvua ikinyesha, jifunike ulale, na siku zako zote ziwe njema.

Wageni wetu wa wizarani mliokuja leo kumuaga, ombi la kampuni halijajibiwa, na nafasi ya Mama Dishi haijatangazwa. Mimi namaliza shule mwakani. Naomba mnijibu kabla hamjaondoka: mvua ijayo, kengele atapiga nani?