Risala ya Bweni la Kipengere Kuhusu Mbwa Zamu na Mwanawe

Mgeni rasmi, ambaye ndiye daktari wetu wa mifugo, Mkuu wa Shule, Matroni Zipora, walimu, na nguruwe sita ambao banda lao linazinduliwa leo.

KARIBU
Sisi wanafunzi wa Bweni la Kipengere tunakukaribisha kwa heshima. Hii ni mara yako ya pili kufika kwetu. Mara ya kwanza ulichelewa siku moja.

HISTORIA
Zamu alikuwa mbwa jike wa bweni letu. Alizunguka mabweni na mwalimu wa zamu bila kukosa, jambo ambalo baadhi ya walimu bado wanajifunza. Jumatatu moja ya Machi, kabla ya uji, alianza kutapika ghafla. Kiranja wetu Joackim alikupigia simu.
"Shikamoo, daktari. Mgonjwa wetu anatapika."
"Ng'ombe?"
"Mbwa."
"Mbwa ni Jumatano, siku ya chanjo. Mpeni maziwa, bwana mdogo."
Tukampa. Akayatapika, akajilaza.

MAFANIKIO
Asubuhi hiyo kulikuwa na ukaguzi wa usafi. Tulipiga deki mara mbili, tukapata kumi kwa kumi. Jumatano ulipofika uliuliza alitapika nini, kama kulikuwa na damu, au punje za sumu ya panya kutoka stoo ya viazi. Sakafu ilikuwa inang'aa, na Zamu tulikuwa tumemzika jana yake. Cheti cha usafi kipo juu ya mlango. Tunapita chini yake bila kukitazama.

CHANGAMOTO
Zamu aliacha mtoto mmoja, Kengele. Tangu alfajiri ya leo naye ametapika mara nne, na fizi zake zimepauka. Matroni Zipora ametuambia, "Wanangu, msimharibie mgeni sherehe." Tumetii. Tumesubiri risala, kwa kuwa risala haikatizwi.

MAOMBI
Hatuombi madawati wala mipira. Tunaomba nguruwe wasubiri kidogo. Kengele yuko nyuma ya bweni, amefunikwa sweta la Joackim. Maziwa hatujampa. Deki hatujapiga. Alichotapika tumekihifadhi kwenye kopo lenye mfuniko, na saa alizotapika, zote nne, tumeziandika kwa mwandiko mzuri. Kopo liko chini ya meza kuu, karibu na mguu wako wa kulia.

Mungu akubariki, daktari, na akuongezee mwendo. Utepe utakusubiri. Kengele hawezi kusubiri Jumatano.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Bweni la Kipengere