Mwalimu Kageha, Aliyetupandisha Walimu Orofani

Tarehe 31 Desemba 1991 Mwalimu Maximilla Kageha atastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya ualimu. Kumi na tisa kati ya hiyo ameitumikia Shule yetu ya Msingi Daraja Mawe, hapa Eldoret, na tangu 1985 amekuwa naibu wa mwalimu mkuu. Kamati ya sherehe iliniomba niandike wasifu huu kwa sababu, walisema, mimi Obiero namfahamu vizuri. Ukweli ni kwamba yeye ndiye ananifahamu mimi, na leo ni mara ya kwanza kupata nafasi ya kusema bila yeye kunikatiza.

Alizaliwa Maragoli, akafundisha kwanza Moiben, kisha akahamia mjini na kukabidhiwa darasa la kwanza, ambalo hakuliachilia kwa muda mrefu. Nusu ya mji huu ilijifunza kusoma mbele yake. Siku moja nikiwa naye ndani ya gari, askari wa trafiki alitusimamisha, akainama dirishani, akamwona, na papo hapo akaficha mikono nyuma. Aliogopa kukaguliwa kucha.

Lakini tutakalomkumbukia zaidi lilitokea 1985. Mfumo mpya wa elimu ulileta darasa la nane, na darasa la nane lilihitaji mahali pa kukaa. Wazazi walifanya harambee, wengine wakatoa pesa, wengine magunia ya mahindi, wakajenga orofa juu ya madarasa ya zamani. Mwenyekiti wa kamati ya shule, Mzee Kipyego, alitaka watahiniwa wakae huko juu, ili hata mpita njia ajue darasa la nane liko wapi.

Katika darasa hilo la kwanza alikuwemo Safia Abdullahi, binti wa dereva wa lori. Aliugua polio akiwa mdogo, na alitembea kwa magongo na vyuma vya miguuni. Miaka saba alikuwa amesoma chini bila tatizo. Sasa kulikuwa na ngazi. Kamati ikapitisha kwamba wavulana wanne wenye nguvu wawe wakimbeba, kupanda na kushuka, na sote tukaona ni jambo la upendo. Mimi nilipiga makofi.

Mwalimu Kageha ndiye aliyesimamia maziwa ya Nyayo, yale ya bure ambayo serikali huwagawia wanafunzi. Haikupita muda akagundua kwamba pakiti ya Safia ilikuwa ikirudi haijafunguliwa. Alimwita kando akamuuliza kama tumbo linamsumbua.

“Hapana, Mwalimu,” Safia akamwambia. “Nikinywa nitataka kwenda choo. Na nikitaka kwenda choo, lazima niombe wavulana wanibebe.”

Hata chai ya nyumbani alikuwa ameiacha. Kichwa kilimuuma kutwa, alikuwa anakonda, na baba yake alishaanza kusema kwamba kama shule inamuumiza mtoto, afadhali akae nyumbani. Hapo mtihani ungekwenda bila yeye. (Safia mwenyewe ameniruhusu kuandika haya. Alisema nisiposimulia mimi atasimulia yeye, na ataeleza nani alipiga makofi.)

Mwalimu Kageha hakumwambia mtu siri ya mtoto. Aliomba tu mkutano wa kamati ufanyike orofani, wazee wajionee matunda ya jasho lao, na akaandaa chai. Mimi nilikuwepo kama katibu, na palipo na chai huwa nipo. Nakumbuka alivyokuwa akimrudia Mzee Kipyego na birika: “Ongeza kidogo, Mzee. Haya maziwa yametoka Cheptiret leo asubuhi.” Mzee aliongeza. Mweka hazina aliposimama kutoa hotuba yake ndefu, Mzee aliongeza tena. Mwishowe aliinuka polepole akaelekea mlangoni, na mlangoni akawakuta wale wavulana wanne, mmoja wao mjukuu wake.

“Keti kidogo, Mzee,” Mwalimu Kageha akasema. “Vijana watakubeba.”

“Wanibebe? Mimi natoka nje mara moja tu.”

“Ndiyo, Mzee. Hata Safia hutoka mara moja tu. Na huo ndio utaratibu tuliopitisha.”

Mzee Kipyego alimtazama mjukuu wake. Mjukuu alikuwa akitazama viatu. Kwa hali aliyokuwa nayo, Mzee hakuwa na nafasi ya kubishana.

“Mwalimu,” akasema, “nimeelewa. Sasa nipishe nipite.”

Aliporudi, yeye mwenyewe ndiye aliyetoa hoja kwamba darasa la nane lishuke kwenye chumba cha walimu, na walimu wapande juu. Mzazi mmoja alilalamika kwamba hakutoa mahindi yake ili walimu wapate roshani ya kunywea chai. Orofa, alisema, ilijengwa kwa ajili ya darasa la nane. “Darasa la nane ni watoto, baba,” Mwalimu Kageha akamjibu, “si orofa.” Safia alifanya mtihani wake chini, katika chumba ambacho bado kilinukia chai yetu, na akapita vizuri.

Tangu hapo tumepanda. Watu wa umbo langu tulipanda tukipumzika katikati kana kwamba tunatazama mandhari. Kuna siku nilidondosha sinia la mandazi juu ya ngazi, yakabingirika hadi kwa darasa la kwanza, na watoto hao hawajawahi kunipenda vile tena.

Hakuishia kwa Safia. Alimpokea Kimutai, ambaye haoni mbali, akamkalisha mbele na kupaka ubao rangi upya yeye mwenyewe. Alimpokea Dahabo, anayesoma midomo kwa sababu hasikii vizuri. Mimi nina tabia ya kufundisha hesabu nikiongea na ubao. Mwalimu Kageha alikuja akakaa nyuma ya darasa, akagonga dawati: “Mwalimu Obiero, ubao umeshaelewa. Geuka uwaambie watoto.” Nimegeuka tangu siku hiyo, na nashangaa ni wangapi wengine walikuwa hawanielewi.

Mwezi uliopita tulipata habari kwamba Safia, anayemaliza chuo cha ualimu, ataanza kufundisha hapa Januari. Tulishangilia, tukapiga meza, mpaka Mwalimu Kageha akauliza swali moja: “Atakunywa chai wapi?”

Tulikuwa orofani.

Miaka yote hii nimeomba chumba cha walimu kishuke kwa ajili ya magoti yangu, nikajibiwa kwamba mazoezi ni mazuri. Kwa Safia kilishuka Jumamosi moja. Darasa la tano, wenye miguu ya mbuzi, wamepanda juu kwa vifijo.

Mwalimu, asante. Nyumba yako ya Kapsoya haina ngazi hata moja, na tunajua hukujenga hivyo kwa bahati. Ukae humo kwa afya na furaha, na kila ukipita mjini uingie kwetu, maana sasa tuko chini na birika liko motoni. Agizo lako la mwisho tumelishika: kikombe cha Mwalimu Safia kiwekwe karibu na mlango, na siku atakayokiacha kimejaa, mtu amuulize kwa nini.