Mafiga ya Buya Dhadho

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni redio karibu. Aliye na chungu jikoni akitazame kwanza, maana habari ya leo ni ya chungu na mawe. Tunamkumbuka Mzee Buya Dhadho wa Garsen, aliyefariki Ijumaa akiwa na miaka themanini na tisa. Mzee Buya, mpima mawe.

Mnacheka? Najua. Kwenye tope letu la Tana, mpima mawe ni sawa na mvuvi wa jangwani. Kule Ozi, chini karibu na mlango wa mto, mtoto akitaka kumrushia mwenzake jiwe, humrushia embe bichi.

Mwaka ni 1956. Wakubwa wa barabara wanataka gati la mawe pale kivukoni Garsen, malori yapande pantoni bila kuzama. Mawe yakaletwa kutoka mbali. Buya, kijana wa miaka ishirini na miwili, akapewa kuyapima. Achonge vipande vya inchi sita kila upande. Vitatu vivunjwe vikavu. Vitatu vilale kwenye pipa la maji siku saba, ndipo vivunjwe. Mashine ilisukumwa kwa mkono. Inalibana jiwe, mshale unapanda, mpaka jiwe lipasuke. Mshale ukifika juu, jiwe lina nguvu.

Sasa, Buya alikuwa na moyo wake Ozi, kwa Tuneya. Mama yake Tuneya, Bi Mwanaarusi, alipikia mafiga ya udongo, yanapasuka kila masika. Buya akavitazama vile vipande vitatu vya kulazwa pipani. Vimechongwa, vimenyooka. Akavitia mtumbwini mpaka Ozi, zawadi ya mama mkwe.

Siku ya saba akachukua vipande vingine, vikavu, akavinyunyizia maji.

"Buya," akauliza msimamizi wake, Mzee Mwaringa, "hivi vimelala majini?"

"Vimelala, mzee. Hata vimekoroma."

Mshale ukapanda vizuri. Mawe yakapita. Kazi ianze Jumatatu.

Kumbe Bi Mwanaarusi hawashi moto kwenye mafiga mageni. Aliyalaza kwenye beseni la maji wiki nzima. "Jiwe geni lioge kwanza," alisema, "kama mkwe." Jumamosi wazee wa Buya wakaja na posa. Chungu cha samaki mumi wa nazi kikatelekwa. Hata hakijachemka, figa moja likasagika. La pili likafuata. Mchuzi ukatiririka mpaka kwenye mkeka wa wazee.

"Buya mwanangu," akasema Bi Mwanaarusi, taratibu, "umeniletea mafiga, au umeniletea biskuti?"

Watu walivunjika mbavu. Buya hakucheka. Mawe hayohayo yalikuwa Garsen yakingoja kutiwa mtoni. Akisema, kazi imekwenda, na labda jela. Asiposema, siku moja gati litasagika, lori lizame na watu wake.

Bi Tuneya ametuambia mwenyewe: "Hakula. Alifunga kipande cha figa kwenye leso yangu, akashika kasia."

Siku mbili anapiga kasia kushindana na mkondo. Jumatatu asubuhi akafungua leso mbele ya Mzee Mwaringa na vibarua wote. Akasema yote.

"Watu huiba mbuzi, Buya," akasema Mwaringa. "Huiba hata wake za watu. Wewe ukaiba mawe?"

"Mzee, hapa petu jiwe ni mbuzi."

Kazi ikasimamishwa. Vipande vipya vikalazwa siku saba za kweli. Mshale haukufika hata nusu. Mawe yote yakarudishwa yalikotoka. Buya akashushwa cheo, akawa mchota maji ya lile pipa msimu mzima, mpaka likapatikana jiwe jeusi, gumu hata likilowa. Ndipo akarudishiwa mashine yake.

Siku ya harusi Mzee Mwaringa alifika Ozi na mawe matatu meusi. "Haya hayakuibwa," akasema. "Na yamelala siku saba. Nimeyalinda mwenyewe." Bi Mwanaarusi akayapokea, akashukuru sana, akayalaza siku saba nyingine.

Chakula cha matanga kimepikwa juu ya mafiga hayo hayo. Nilikwenda, nikala, nikala tena. Yako imara.

Bi Tuneya, watoto na wajukuu, poleni sana. Mungu amlaze Mzee Buya mahali pema. Nasi tuliobaki, wasikilizaji wapendwa, kila mmoja ana jiwe alilolinyunyizia maji akaapa limelala. Mimi langu nalijua. Mtumbwi wa kurudi Garsen bado unangoja. Tutafute leso, tushike kasia.