Aziza wa Feza: Maisha ya Sista Marie-Pascaline (Lusangi 1926 – Kasongo 1957)

Tunayemzika leo, Ijumaa tarehe 15 Machi 1957, alijulikana hapa Kasongo kama Sista Marie-Pascaline wa Shirika la Masista wa Mama wa Huruma. Mama yake mzazi, Feza, hakumwita hivyo hata siku moja. Alimwita Aziza. Mama huyo ameketi hapa mbele, kwenye mkeka, na tangu Jumapili hajatia chakula kinywani. Anauliza kila anayempa pole kama ni tonge lake lililomuua mwanawe. Wasifu huu unasomwa kwa wote waliofika, lakini umeandikwa kwanza kwa ajili yake.

Aziza alizaliwa Lusangi, teritware, yaani wilaya, ya Kabambare, mwezi wa Agosti 1926, watu walipokuwa wakichoma mashamba. Baba yake, marehemu Asani, alikuwa mkulima wa mpunga na mtu wa msikiti. Kaka yake Musafiri alikwisha kuzaliwa. Watoto wawili waliomfuata Aziza hawakuishi, na kwa sababu hiyo mama alimshika huyu kama mtu anayevuka mto na moto mkononi. Alimlisha yeye mwenyewe, tonge baada ya tonge, hata alipokuwa mkubwa wa kwenda kuteka maji. Wanawake wa jirani walimcheka.

"Huyu utamulisha mpaka kwa bwana yake," walimwambia.

"Na bwana yake nitamulisha," akajibu Feza. "Ninyi mutakaa mukiangalia."

Mwaka 1935 Aziza alipatwa na buba. Vidonda vya miguu vikamfanya atambae. Waganga wa nyumbani walijaribu dawa zao, wakashindwa, ndipo Asani na ndugu zake walipombeba kwa kipoyi, kiti cha miti cha kubebwa mabegani, mpaka misioni ya Kasongo. Masista walimchoma sindano na kumwosha vidonda miezi mingi, mpaka akasimama. Walipoomba abaki asome, Asani alikubali. Alisoma shule ya wasichana ya misioni, akajifunza kushona, na baada ya masomo alikuwa akichemsha vitambaa vya kufungia vidonda. Alipoomba kubatizwa, mwaka 1941, watu wa msikiti walimlaumu baba yake. Asani aliwajibu, "Mukono uliomusimamisha mutoto wangu, niukatalie namna gani?"

Wasifu wa mwanamke wa kwetu una fungu la ndoa. Mwaka 1944 watu wa Kabambare walileta mbuzi kwa ajili yake, na mbuzi hao walikuwa wamekwisha kufungwa nyuma ya nyumba Aziza alipotuma habari kwamba ameomba kuingia utawa. Asani aliwarudisha mwenyewe. Tarehe 8 Desemba 1948 Aziza aliweka nadhiri katika kanisa hili, akapewa jina la Marie-Pascaline. Baba yake alifika, akasimama mlangoni na kofia mkononi mpaka mwisho wa misa. Mama hakufika. Alituma neno kwa mdomo wa Musafiri: "Niliwapelekea mutoto mugonjwa, wamenirudishia mugeni." Asani alifariki mwaka uliofuata.

Katika nyumba ya dawa Sista Pascaline alifanya kazi miaka minane, akizalisha, akiosha vidonda na kugawa vidonge. Wagonjwa wake wote wanajua desturi yake moja. Zamani watu walificha kwinini shavuni kwa sababu ya uchungu, wakaenda kuitema nyuma ya nyumba. Mwuguzi Grégoire, aliyefanya kazi naye, alikuwa akisema kwamba kuku wa misioni ndio viumbe pekee wa Kasongo wasiougua homa. Sista akaanza kumwambia kila mtu: "Meza, halafu taja jina lako na la mama yako." Mwenye kidonge mdomoni alijulikana mara moja. Baadaye watoto waliufanya mchezo. Wazee nao walisimama mbele yake, ndevu nyeupe, wakataja majina ya mama waliozikwa kabla ya Wazungu kufika. Wengine walitoka pale wakipangusa macho.

Mwaka 1951 alipelekwa katika safari ya dawa upande wa Kabambare, akafika Lusangi kwa mara ya kwanza tangu nadhiri. Hapa lazima ieleweke sheria ya shirika: sista haruhusiwi kula wala kulala nyumbani kwa ndugu zake, maana amekwisha kuwa wa nyumba nyingine. Mama Feza aliijua sheria hiyo, lakini alichinja kuku, akapika wali, akatandika mkeka. Aziza alisimama kizingitini.

"Ingia, ule."

"Mama, sina ruhusa."

"Ruhusa ya nani? Mimi ndiye nilikuzaa."

Aziza akalia, lakini hakuingia. Feza akafunika sahani. "Haya," akasema. "Wewe hauli ya mukono wangu. Na mimi, siku nitaugua, sitameza ya mukono wako." Kwa watu wa kwetu, mtoto anayekataa chakula cha mama yake amemkataa mama. Aliyesema neno hilo hakuwa mkorofi. Aliumia. Kila Aziza alipopita Lusangi baada ya hapo, walisalimiana uani kama majirani.

Mwanzoni mwa mwaka huu ugonjwa wa kuhara damu uliingia Lusangi. Watoto ndio waliokufa kwanza. Sista Pascaline na Grégoire walipelekwa huko mwezi wa Februari. Walichemsha maji, wakachimba vyoo, wakatoa vidonge nyumba kwa nyumba. Sista ndiye aliyefua nguo za wagonjwa waliokosa wa kuwafulia. Kwa kila mtu alirudia maneno yaleyale: osheni mikono kwa sabuni, na katika nyumba ya mgonjwa msile.

Jumamosi tarehe 2 Machi walikuta Mama Feza amelala, macho yameingia ndani. Célestine, mke wa Musafiri, alikuwa akimshikilia kichwa. Aziza alimpa kidonge. Mama akageuza uso.

"Nilisema."

"Mama, utakufa."

"Nitakufa na neno langu. Wewe una lako."

Grégoire anasema Sista alirudisha kidonge ndani ya chupa. Kisha akamwomba Célestine apike bugali. Ulipoletwa akaomba beseni na sabuni, akaosha mikono ya mama yake polepole, kidole kwa kidole, kama mtu anavyoosha mtoto mchanga. Grégoire ndiye aliyemwaga maji. Halafu Aziza akapiga magoti, akafungua mdomo. Feza, ambaye hakuwa na nguvu ya kukaa, alimega tonge, akalichovya kwenye sombe, mboga ya majani ya muhogo, akamlisha. Aziza alimeza, akasema, "Aziza, wa Feza." Ndipo mama akapokea kidonge, akameza, akataja jina lake na la mama yake. Siku ya tatu aliomba uji.

Sista aliendelea na kazi. Jumanne bado alikuwa akifua nguo za watoto wa nyumba za chini. Jumatano ya Majivu alianza kuugua. Jumapili tarehe 10 kamio, lori lililobeba mchele, ilimleta Kasongo, amelazwa juu ya magunia, na Mama Feza alikimbia nyuma yake mpaka lori likapotea machoni.

Alipofika, Sista alimwungamia Mama Mkubwa wa shirika kwamba amevunja sheria. Mama Mkubwa ameturuhusu tuseme alivyomjibu: "Ulikuwa unatoa dawa."

Sasa swali la Mama Feza. Hakuna anayeweza kuapa ugonjwa ulimwingia Sista kwa njia gani, na hatutadanganya mbele ya jeneza. Alishika wagonjwa wa kijiji kizima, na nguo zao alifua kwa mikono mitupu mpaka siku ya mwisho kabla ya kuugua. Mkono uliomlisha ulikuwa umeoshwa naye mwenyewe, aliyefundisha Lusangi yote kuosha mikono. Alijua hatari kuliko sisi sote, na alichagua. Kama asingekula tonge lile, leo tungekuwa Lusangi tukimzika mama, na Aziza angekuwa amesimama mbele ya kaburi akiuliza swali hilihili.

Alifariki jana, Alhamisi tarehe 14 Machi, saa sita mchana. Mama yake alifika jioni. Hawakuonana. Lakini Mama Mkubwa alikuwa kando ya kitanda, akampa vidonge vya asubuhi, na Sista alipomeza akamwambia kwa mzaha mdogo wa kumtia nguvu, "Haya, taja." Miaka minane hapa ndani aliitwa Marie-Pascaline. Akasema, "Aziza, wa Feza." Baada ya hapo hakusema lingine.

Ameacha mama yake, Feza wa Lusangi, kaka yake Musafiri na mkewe Célestine, pamoja na watoto wao, masista wenzake wa Kasongo, mwuguzi Grégoire, na watu wengi wa Kasongo na Kabambare waliotaja majina ya mama zao mbele yake.

Mama, tukitoka makaburini chakula kitakuwa tayari. Masista wamepewa ruhusa ya kukaa mkekani na kula nawe leo, na watakusindikiza Lusangi wale nyumbani kwako siku zote za matanga. Beseni na sabuni vipo. Wanakuomba uwalishe kwa mkono wako. Kisha nawe ule, umeze, utaje jina lako.

Aziza wa Feza, umefika nyumbani. Mungu akulaze kwa amani.