Ukurasa wa Kumi na Nne wa Sista Oliver

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Jinja, mlioko Mbale, na ninyi mlio njiani kati ya miji hiyo miwili, sogezeni redio karibu. Leo tunamkumbuka mkunga. Jina lake ni Sista Oliver Nangobi, wa Mafubira, kule Jinja. Ametuacha akiwa na miaka sabini na mitatu, na tumemzika Jumamosi iliyopita.

Kama ulizaliwa katika wodi za Mbale au Jinja miaka ile, huenda mikono yake ndiyo iliyokupokea. Na kama wewe ni kifungua mimba cha mama yako, huenda pia alimkata mama yako kwa mkasi. Hilo la pili ndilo lililomnyima raha Sista Oliver mpaka siku yake ya mwisho.

Alianza kazi Mbale mwaka 1974. Enzi hizo mama mwenye uchungu alinyolewa, akalazwa chali, akaambiwa anyamaze. Mume hakusogea hata dirishani. Na mama wa mimba ya kwanza aliongezewa njia, yaani alikatwa ili mtoto apite, kisha akashonwa. Si kwamba mtoto amekwama. Ni mimba ya kwanza, basi. Walimu walifundisha kwamba mkato ulionyooka hupona upesi kuliko kuchanika. Oliver alikuwa na mkono mwepesi, na alijivunia mkono wake.

Vitabu vilikuwa adimu. Wodi nzima ilikuwa na kimoja, kimefungiwa kabatini, na ufunguo uko kwa daktari. Mwaka 1983 Oliver alichoka kuomba ufunguo. Akaandika cha kwake. Rafiki yake Nasimiyu, mkunga mwenzake, akakipiga taipu kwenye stensili. Kisha wakaenda ofisi ya kanisa wakazungusha mashine ya kurudufu kwa mkono mpaka wino ukawafika viwikoni. Kurasa thelathini na mbili, jalada la kijani. Watu wakakiita Kijani tu.

Nasimiyu bado yuko Mbale. Nilimpigia simu. "Siku ile tulicheka sana," aliniambia. "Oliver alisema, sasa sisi maprofesa! Mimi nikamwambia, profesa, nawa mikono kwanza."

Kijani kilitembea. Wakunga walikinakili, na nakala zao nazo zikanakiliwa. Kilifika vituo vya mlimani ambako Oliver mwenyewe hakuwahi kukanyaga. Na kilikuwa kizuri, tusimwonee. Ukurasa wa tisa, kuhusu mama anayevuja damu, uliokoa watu. Lakini ukurasa wa kumi na nne ulisema hivi, nawatafsiria kutoka Kiingereza chake: "Kila mama wa mimba ya kwanza akatwe. Usingoje."

Usingoje! Neno moja, wasikilizaji, na limeumiza wangapi?

Mwaka 1998 aliitwa semina Jinja, ambako alikuwa amehamia tangu 1985. Huko wakaambiwa kwamba utafiti umepinduka. Kumkata kila mama hakuna faida. Akatwe yule tu anayehitaji. Oliver alirudi wodini akauweka mkasi kando. Hapo alifanya vyema. Lakini kuhusu ukurasa wa kumi na nne hakumwambia mtu. Aliona haya. Alikuwa Sista mkubwa, mwenye kitabu. Alinyamaza miaka tisa.

Aliyemfumbua kinywa ni Ketty, mchuuzi wa samaki wa Masese, hukohuko Jinja. Ketty alijifungua mtoto wake wa kwanza, binti, mikononi mwa Oliver mwaka 1986. Mwaka 2007 binti huyo naye akajifungua, bila kukatwa. Siku ya tano Ketty akamfuata Oliver wodini, akasimama mbele yake na karai lake la samaki.

"Musawo," akamwambia, maana ndivyo tunavyomwita mganga hapa kwetu, "huyu mtoto yangu hawakumukata. Leo anakaa juu ya benchi, anauza. Mimi miezi tatu nilikalia upande moja. Kwa nini mulinikata?"

"Ketty, kitabu ilisema hivyo."

"Kitabu ya nani?"

"Yangu," akasema.

Kuanzia siku hiyo hakutulia. Aliandikia jarida la madaktari akitaka watangaze kwamba ukurasa ule umekosea. Jibu lilikuja baada ya miezi kumi na moja: hatusahihishi kitabu ambacho hatukukichapa. Baadaye jarida jingine, la mtandaoni, likamwomba majedwali na takwimu. Yeye alikuwa na majina ya akina mama, na neno la kuwaomba radhi. Hawakuwa na mahali pa kuliweka.

Basi akaenda mwenyewe. Alipostaafu alipanda boda akazunguka vituo vya afya, Jinja hadi Mbale, na mkoba wenye karatasi mpya na chupa ya gundi. Akikuta Kijani, anabandika ukurasa mpya juu ya ule wa kumi na nne. Binti yake, Racheal, anasema mama yake alibandika sitini na moja. Kila akirudi nyumbani alitaja idadi kwanza, kisha ndipo akaomba chai.

Halafu zikaja simu za kupiga picha. Mtu fulani alikipiga picha Kijani cha zamani, akakigeuza faili, akakituma kwenye makundi ya wakunga. Oliver alikiona kwenye simu ya mwanafunzi mmoja. Ukurasa wa kumi na nne ulikuwa palepale. Racheal alikuwepo. "Mama alisema, karatasi niliweza kuifuata. Hii nitaifuata na nini?" Mkoba wake wa gundi hakuushika tena.

Sasa sikieni ya Jumamosi. Wanafunzi wa ukunga walikuja mazikoni na basi kutoka Mbale. Kiongozi wao, Nabwire, alileta zawadi: nakala mia mbili za Kijani, mpya kabisa, picha ya marehemu kwenye jalada. Walikuwa wamechanga kwa mapenzi. Walichapa kutoka kwenye faili.

Racheal akafungua ukurasa wa kumi na nne, akausoma kwa sauti. Nabwire alilia, akimwita bibi kwa lugha ya kwetu: "Nyabo, tulitaka tu kumuheshimu." Nani angemlaumu?

Aliyesimama kwanza ni Ketty. Akaomba kalamu. Akakalia benchi, akafuta ukurasa ule kwa mstari mnene, akachukua kitabu cha pili. Watu wakakopeshana kalamu. Mchungaji alingoja. Walifuta mia moja sitini na tatu. Thelathini na saba zilikuwa zimeshagawiwa Mbale, asubuhi, kabla basi halijaondoka.

Kwa Racheal, kwa Nasimiyu, kwa ukoo wote wa Mafubira, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Nasi tujiulize, tulichokosea na kukinyamazia, kiko mikononi mwa nani sasa?

Mkunga wa Mbale unayenisikia, thelathini na saba hazijapatikana. Jalada ni la kijani, lina picha yake, anatabasamu. Fungua ukurasa wa kumi na nne. Tafuta kalamu. Usingoje.