Firmin na Upinde wa Msidi

Wasikilizaji wapendwa wa Johannesburg, mlioko La Rochelle, mlioko Observatory, hata ninyi mlio kwenye magari mnaosubiri robot, taa ya barabarani, iwake kijani kule Sandton, hamjambo? Ni mimi Paskalia. Leo tunamkumbuka Firmin. Firmin, fundi makochi wa La Rochelle. Firmin, Mrundi, mpiga umuduri. Tulimzika Jumamosi, na mimi bado naumia.

Umuduri ni upinde wa muziki. Una waya mmoja na kibuyu. Kibuyu unakiegemeza tumboni, waya unaugonga kwa kijiti. Firmin alirithi umuduri wa baba yake. Mwaka 1996, akikimbia vita, ukapotea njiani. Alifika Johannesburg na mkewe Médiatrice, na nadhiri moja: hatapiga mwingine mpaka aupate ule wa baba. Na katika ukoo wao hakuna mwingine aliyejua kupiga. Akinyamaza Firmin, nyimbo za baba zimekwisha.

Sasa sikilizeni. Mwaka 1999 wanakwenda Fordsburg kununua vitambaa vya makochi. Wanaingia dukani. Ukutani, umuduri! Médiatrice anakumbuka alivyoshikwa mkono akaambiwa, "Mama Tania, ule ni wa baba." Firmin hakuomba ruhusa. Alipanda kwenye stuli akauteremsha.

Mwenye duka aliitwa Yunus. Mweusi kama mimi, kwa hiyo Firmin akamvamia kwa Kirundi, kisha kwa Kiswahili, akidai mali ya ukoo. Yunus akamjibu kwa Kiingereza cha Kihindi. Eish! Kumbe Yunus ni Msidi. Wasidi ni kabila la huko India, la Gujarat, ambao mababu zao walitoka Afrika karne nyingi zilizopita. Upinde wao wanauita malunga. Nao wana kibuyu. Nao wanagonga waya kwa kijiti, huku kifuu cha nazi chenye vijiwe kikilia mkononi.

Firmin hakutaka kusikia hayo. Akageuza kibuyu kutafuta alama ya moto ambayo baba yake aliiacha. Haikuwepo. Akasema imefutwa! Mnamjua Firmin, akishasema ameshasema.

Yunus hakugombana. Aliupokea upinde, akapiga. Wimbo ulikuwa mgeni kabisa, na sauti ya waya haikuwa ile ya nyumbani. Firmin aliondoka bila kuaga.

Kesho yake akarudi kuomba radhi kama Mrundi, yaani kwa bia. Kreti nzima, kwa Mwislamu! Médiatrice anasema alitamani ardhi ipasuke. Yunus alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaagiza chai. Ndipo Firmin akamweleza ile nadhiri. Na Yunus akamjibu maneno ambayo baadaye Firmin aliyarudia kwenye kila harusi: "Upinde wa babu yangu uliliwa na mchwa. Huu nimeutengeneza mwenyewe, hapahapa. Babu alinifundisha kupiga, hakunifundisha kulinda mti."

Firmin akamaliza chai, na safari hii akaaga. Wiki ileile alikata mti, akatafuta waya. Kibuyu alipewa na Yunus. Akapiga, wasikilizaji wapendwa. Tangu siku ile alipiga kwenye harusi zetu, Yunus ubavuni na malunga yake. Majirani Wazulu wakiuliza muziki huu ni wa wapi, Firmin alijibu kifua mbele kwamba ni wa La Rochelle.

Jumamosi, makaburini, Médiatrice alitaka upinde uzikwe naye. Binti yao Tania akaukumbatia. Mnamfahamu Tania, ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kizulu. Siku ile alisema kwa Kiswahili, taratibu, sote tukasikia: "Mama, hapana. Baba alisema ukivunjika nitengeneze mwingine. Huu haujavunjika."

Yunus alilia waziwazi, na wengi wetu tukamfuata.

Mama Tania, poleni sana. Bwana Yunus, pole kwa kuondokewa na ndugu. Mungu amlaze Firmin pema. Nasi tuliobaki tujiulize kila mtu nyumbani kwake: ni kitu gani cha wazazi wetu tumekinyamazia, kwa kuwa tu chombo chake kilipotea?

Tania yuko nami hapa studioni, na upinde ameuegemeza tumboni. Bado anajifunza, atakosea hapa na pale. Wimbo ni wa babu yake, ambaye hakuwahi kumwona. Piga, mwanangu.