Anayemdai Marehemu Ajitokeze

Jumanne ya tarehe kumi na nne Mei mwaka jana, saa nne na robo asubuhi, mjukuu wangu Benitha alikata roho juu ya pikipiki, akiwa ameshikwa kati ya dereva na mama yake, pale kwenye daraja la miti chini ya shule. Saa naijua kwa sababu kengele ya mapumziko ililia wakati uleule, watoto wakatoka wakikimbia, halafu wakasimama kandokando ya barabara. Katekista Elpidius, anza kuandika hapo. Jina langu na akili zangu timamu utaviweka mwishoni, kama sheria inavyotaka.

Sikilizeni wanangu. Gaudiosus, wewe mkubwa, sogeza kigoda uje karibu. Deodatha, mweke Kashaija chini, mwache achezee kahawa kwenye mkeka, haziharibiki. Na wewe Privatus, vua miwani. Humu ndani hakuna jua, na mimi mama yako nataka kuona kama unanisikia. Simu zenu ziwekeni mezani, zilale kifudifudi. Nasema taratibu kwa sababu tumbo hili linanikata nikivuta pumzi ndefu, na daktari alisema zimebaki wiki, hakusema ngapi, nami sikumuuliza.

Nianze na yaliyo mepesi. Kibanja hiki cha migomba na kahawa, kuanzia barabarani hadi kwenye makaburi, nakigawa mara mbili. Nusu ya juu, yenye nyumba hii, ilikuwa ya baba yenu na sasa ni ya Gaudiosus, ambaye hakuondoka. Nusu ya chini niliinunua mwenyewe kwa rubisi, pombe ya ndizi niliyotengeneza na kuuza miaka kumi na moja, na hiyo nampa Kashaija, mtoto wa Benitha, naye Deodatha bibi yake atamlimia mpaka aweze kushika jembe. Ng'ombe wawili ni wa Deodatha. Atakayesema kitoto cha mjukuu wa kike hakipewi ardhi ya ukoo, mwambieni ukoo haukuchangia hata shilingi, na kama ana neno zaidi aje anikute huko niliko.

Privatus hapati kibanja. Usiiname, mwanangu, sijakusahau. Urithi wako uliuchukua mapema. Mwaka ulipokwenda sekondari niliuza kahawa ikiwa bado maua mtini, ile butura ambayo serikali imeikataza siku zote, mnunuzi akanipa robo ya bei, na mwaka uliofuata nikauza hivyohivyo tena. Kaka yako alivuna kahawa ya mtu mwingine kwenye mibuni yetu wenyewe, akaibeba kichwani, akampelekea mwenyewe. Hakulalamika. Nadhani alilalamika kwa mke wake, lakini si kwangu.

Na katika miaka hiyo yote, kahawa yetu ilipofika chama cha msingi, ilikatwa kabla hela haijafika mkononi. Makato ya chama, makato ya halmashauri, na mengine sikuwahi kuyaelewa. Nikipeleka ndizi mnadani, ushuru. Nikipeleka kopo la senene, ushuru, na yule mtoza ushuru hakuwahi kuniuliza kama siku hiyo nina mwanasheria.

Baadaye ukawa mtu mkubwa. Nchi nzima ikakuita kwa jina ambalo mimi sikukupa, na nyimbo zako zikapigwa hata kwenye harusi za watu wasiotujua. Nilijivuna, naungama hilo mbele ya katekista. Ukaja nyumbani kwa misa ya shukrani, ukaleta bati za kanisa, na baada ya baraka ukanivuta kwenye viti vya kwaya ukatoa karatasi kwenye bahasha ya kaki. Ukasema, "Mama, hii ni zawadi yako." Mimi niliishia darasa la nne, najua kusoma kitabu cha sala na bei ya kahawa ubaoni. Nilitia saini mara kumi na moja. Hoteli ya Kayanga ikawa ya Costansia. Nyumba ya Dar es Salaam ikawa ya Costansia, ambaye Dar es Salaam amefika mara moja tu, kwa ajili ya macho. Na ukaandikishwa Mfuko wa Mama Costansia wa kusaidia zahanati yetu, mwenyekiti mimi, na hela za matamasha yako zikawa zinapita humo kama hela za msaada, zisiguswe na kodi. Nilidhani mtoto wangu amenikumbuka. Watu walipiga vigelegele, na kamera yako ikazunguka kunipiga picha nikilia.

Mwezi uliofuata gari likaja. Jeupe, lina maandishi mekundu ubavuni, gari la wagonjwa la mfuko wangu, lililoingia nchini bila ushuru kwa sababu ya wagonjwa wetu. Paroko akalinyunyizia maji ya baraka. Mimi nikavua rozari yangu ya mbegu nyeusi, aliyoniachia mama, nikaitundika kwenye kioo kwa mkono wangu. Tukapigwa picha, na picha ikawekwa kwenye fremu, ikatundikwa ukutani zahanati. Ilipopita wiki moja gari likaondoka, ikasemwa limekwenda kusajiliwa. Nilikupigia simu mara tatu, Privatus, unakumbuka?

"Gari liko matengenezo, mama."

"Gari jipya linatengenezwa nini?"

"Mama, wewe sali rozari, hayo mengine niachie mimi."

Rozari yenyewe iko kwenye gari, nikakuambia, ukacheka, nami nikacheka.

Pasaka ya mwaka jana Benitha alikuja mbio na simu, na tumbo lake lilikuwa limeshakuwa kubwa. "Bibi, njoo uone gari letu!" Ilikuwa video ya wimbo wako mpya. Gari limepakwa rangi nyeusi, maandishi hayapo, wasichana wanacheza juu ya boneti, na wewe umekaa nyuma ya usukani na miwani yako hiyohiyo. Rozari yangu inaning'inia kiooni, inacheza pamoja nao. Na mimi, wanangu, sikukasirika. Nilifurahi kuona rozari yangu kwenye simu. Nikamwambia Benitha airudishe nyuma nione tena. Hilo nimeliungama mara nne, mpaka padre amechoka kulisikia.

Mwezi wa nne ndipo maneno yalipoanza. Redioni, kwenye simu, kila mahali watu wanauliza mastaa hawa wenye majumba na magari wanalipa kodi gani, na jina lako likatajwa na mengine mengi. Hapa Nyakasimbi tuligawanyika hata kanisani. Vijana walisema uachwe, umetoka kwenye vumbi kama wao, utafute. Gaudiosus, wewe ulisema serikali yenyewe inakula, Privatus aipe ya nini. Labda inakula, mimi sijaketi nayo mezani. Lakini mkunga wa zahanati analipwa na nani? Darasa alilosomea Privatus kuandika jina lake lilijengwa na nani? Watu walizipenda bati kwa sababu bati zina picha na aliyezitoa anaonekana. Makato ya kahawa yangu hayana picha, na nimeyatoa miaka arobaini na tatu.

Mwajabu, yule anayekaanga mihogo Kayanga karibu na stendi, aliniona napita akanipigia kelele mbele ya wateja, "Ma Costansia! Mama wa Staa! Hebu na jiko langu hili liandikwe kwa jina lako, ushuru unaniua!" Watu wakacheka. Mimi nilikasirika, nikasema huyu mwanamke ana wivu. Sijarudi kununua mihogo kwake mpaka leo, na ndiyo mihogo mizuri kuliko yote pale stendi. Deodatha, mpelekee salamu zangu, umwambie alisema kweli.

Halafu mwandishi wa habari akanifuata hapahapa uani, naanika maharage. Kijana mwenye adabu, aliniamkia. Akauliza, "Bibi, hoteli ile ni yako?" Nikasema ni yangu. "Na nyumba?" Nikasema ni yangu. "Na gari la wagonjwa lililopewa zahanati, lipo?" Nikasema lipo. Nilisema lipo, Elpidius, liandike neno hilo. Baada ya wiki Privatus akaniletea vitenge viwili vya wax. Kimoja nilikivaa kwenye mazishi ya Benitha, sikuwa na kingine kizuri.

Deodatha, mwanangu, vumilia, nayasema haya mara moja tu. Benitha alijifungua Kashaija alfajiri, mtoto mzima, mwenye sauti. Damu ya mama yake haikukoma. Mkunga alikuwa mgeni, ametoka Muleba, ana wiki mbili tu kazini. Akaandika karatasi ya kumpeleka hospitali, akainua macho, akaona ile picha ukutani. Akasema, "Si mna gari? Liiteni." Akasoma namba iliyoandikwa chini ya picha, akapiga, simu ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Deodatha ndiye aliyemwambia mkunga huyo kwamba gari halipo. Akamwambia, "Ile ni picha tu." Wakatafuta pikipiki, na mvua ilikuwa imenyesha siku tatu.

Daktari hakutuambia kwamba gari lingemponya. Mimi pia sisemi hivyo, Mungu ndiye anayejua. Nasema tu kwamba alikufa amekaa, na gari lenye kitanda liliingia nchini kwa jina la bibi yake.

Privatus ulikuja kuzika. Ulileta jeneza la vioo, ukachinjisha ng'ombe, na ukalia, nami najua ulilia kweli kwa sababu nakujua tangu ukiwa mchanga. Kamera ilikuwepo pia. Kabla ya udongo, Gaudiosus alisimama kama ilivyo desturi, akauliza kwa sauti, "Anayemdai marehemu ajitokeze. Na kama marehemu alikuwa anamdai mtu, huyo naye ajitokeze, tusimzike na neno." Upepo ukapita kwenye migomba. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, hatua tatu kutoka shimoni, na nilijua nani anadaiwa. Wewe pia ulijua, uliangalia chini. Nikaona kamera, nikafikiria jina la familia, nikafunga kinywa changu. Gaudiosus akangoja kidogo, akasema, "Basi, hakuna deni." Wakaanza kutupa udongo. Tangu siku hiyo sijalala usingizi wa mtu.

Maji, Deodatha. Kidogo tu. Yatosha.

Jana uliniambia, Privatus, kwamba hukuiba, kwamba mwanasheria amesema yote yamo ndani ya sheria, ni kupanga mambo tu. Hoteli na nyumba, labda, mimi sijui sheria. Ukaniomba nitie saini nyingine, ili vyote virudi kwako kabla sijafa. Ndiyo sababu ya safari yako, si tumbo langu. Usinikatize. Jumatatu Elpidius alinisomea barua mara mbili, nikaweka saini ya kumi na mbili, na hiyo ndiyo ya mwisho ya mkono huu. Nimeandika kwamba hoteli si yangu, nyumba si yangu, mfuko haukununua hata bandeji moja, na gari ni la zahanati. Nimesema pia kwamba nilimdanganya mwandishi wa habari. Barua imeshafika Bukoba, ofisi ya kodi. Usimwangalie Elpidius hivyo, aliandika nilichosema mimi.

Najua nimekuvunja. Najua wale waliokuita mfalme watakucheka wiki nzima, halafu watatafuta mwingine wa kumcheka. Serikali itadai chake, itakupa karatasi, utalipa, au utauza ulipe. Hilo si deni langu. Ninachokudai mimi ni kinywa chako.

Nikifa, msipige picha. Jeneza liwe la mbao za hapahapa, la vioo silitaki. Msinivike kile kitenge. Nizikeni upande wa kushoto wa Benitha, huku chini, kwenye ardhi ya Kashaija. Na Gaudiosus atasimama aulize kama alivyouliza siku ile. Akishauliza, asiharakishe, angoje. Privatus, hapo utasimama. Utasema mbele ya watu wote, mbele ya Mwajabu kama atakuja, na mbele ya mtoto huyu hata kama haelewi, kwamba Benitha alikuwa anatudai, mimi bibi yake na wewe mjomba wake. Utalitaja gari. Usiimbe, usieleze mambo ya mwanasheria. Ukinyamaza, Deodatha atasoma karatasi hii yote tangu neno la kwanza, na udongo hautatupwa mpaka amemaliza.

Na rozari. Iko kwako. Kaitoe kwenye kioo kile uje nayo mwenyewe, usimtume mtu. Nataka niwe nayo mkononi.

Njooni. Wekeni mikono hapa. Sina nguvu ya kuinua wangu. Gaudiosus, Mungu akulipe kahawa ile ya misimu miwili. Deodatha... wewe sina neno linalokutosha, mwanangu. Privatus, usidhani nakulaani. Ningekulaani ningekuwa nimemaliza na wewe, na bado sijamaliza. Nakubariki. Lia tu. Mlete Kashaija. Mkono wake una vumbi la kahawa... mwacheni hivyohivyo.

Elpidius, sasa weka jina langu. Costansia. Akili timamu. Kisha acha kalamu, tusali.

Bwana, Benitha alikufikia na matope ya barabara yetu miguuni. Mwoshe. Alikuja amekaa, mlaze. Hakuna aliyemwitikia alipohitaji, wewe mwitikie. Mwambie mwanawe anatembea. Na ukimwuliza kama ana neno na mtu, Bwana, amtaje bibi yake kwanza... Nipo njiani, nakuja kumjibu. Mpe pumziko. Mpe mwanga. Mpe...

Amina. Semeni amina.